Pesa za Mzee Younger Zafika Mara

Musoma, mjadala ulianza kabla mchezo haujaisha. Binti aliyeigiza nafasi ya Lena Younger alikuwa ametoa bahasha na kuisogeza mezani, taratibu, mbele ya mwanawe Walter Lee. Ukumbi ulikuwa kimya, feni tu inakwaruza juu yetu. Ndipo mama mmoja wa makamo, aliyekaa karibu na mlango na mjukuu mapajani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Usimpe zote, mwenzangu. Mpe kidogo, zingine weka kikoba." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kutoka upande wa wanaume mmoja akajibu, "Ni mwanawe wa kiume huyo, asimpe ampe nani?" Waigizaji wakasubiri. Binti alibaki na kiganja juu ya bahasha mpaka kelele zikapoa, kisha akaisukuma kwa mwanawe. "Haya," yule mama akasema, "tutaona."

Na kweli tuliona. Kabla ya sehemu ya mwisho pesa zile zilikuwa zimepotea zote.

Tamthilia yenyewe ni A Raisin in the Sun, ya Lorraine Hansberry, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Chicago. Ilifunguliwa New York tarehe 11 Machi 1959 katika ukumbi wa Ethel Barrymore, mwandishi akiwa na umri wa miaka 28. Kabla yake hapakuwa na mwanamke Mweusi aliyewahi kuonyeshewa tamthilia yake Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za jiji hilo. Mwongozaji alikuwa Lloyd Richards, Mweusi pia, na Walter Lee aliigizwa na Sidney Poitier. Hadithi ni ya familia inayobanana katika nyumba ya kupanga upande wa kusini wa Chicago: mjane Lena, mwanawe Walter Lee, dereva wa tajiri, Ruth, mke wa Walter, anayefanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu, Beneatha, mdogo wake Walter, anayetaka kuwa daktari, na mjukuu Travis, ambaye kitanda chake ni kochi la sebuleni. Choo wanachangia na wapangaji wa upande wa pili wa korido. Mzee Younger, baba wa familia, ameshafariki baada ya maisha ya kufanya kazi bila kupumzika, na bima yake inaleta hundi ya dola 10,000. Mchezo mzima unazunguka hundi hiyo: nani aamue ifanye nini.

Kundi nililosafiri nalo ni la vijana waliomaliza sekondari, pamoja na mwalimu wao wa fasihi. Walikuwa wamechagua sehemu kuu za tamthilia, wakazitia katika Kiswahili kwa mkono kwenye kaunta buku moja iliyochakaa pembe, na kuzifanya mchezo wa zaidi ya saa moja kidogo. Vifaa vyao vilikuwa meza, kochi la kuazima kila wanapofika, na mshubiri uliopandwa kwenye kopo la rangi, kwa sababu Lena ana mmea mmoja dhaifu anaoutunza dirishani tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi niliitwa kutoka Mwanza kuongoza mjadala baada ya kila onyesho, Musoma kwanza, kisha Bunda, kisha Butiama.

Nimefanya kazi hii kwa muda wa kutosha kujua kwamba watu wengi huuchukulia mjadala kama nyongeza. Mchezo umekwisha, taa zimewashwa, atakayetaka abaki aulize. Mimi nauona mjadala ni sehemu ya mchezo wenyewe, tena sehemu ambayo mwandishi hawezi kuiandika. James Baldwin, rafiki yake Hansberry, amesimulia jinsi mchezo huu ulivyokuwa ukijaribiwa Philadelphia kabla ya kwenda New York, na jinsi Weusi walivyokuja kuutazama kwa wingi usio wa kawaida. Baada ya onyesho walimzingira mwandishi uchochoroni nyuma ya ukumbi, Baldwin akabaki amemshikia mkoba huku yeye akitia saini. Naamini watu wale hawakufuata saini tu. Walikuwa wamejiona jukwaani, na mtu akijiona hukosa utulivu mpaka aseme neno.

Musoma walisema mengi. Taa zilipowashwa, wa kwanza kuomba nafasi alikuwa mzee mwenye koti la kijivu, akajitambulisha kuwa alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi.

"Mwalimu," akaniambia, "kabla hatujamlaumu mtu, kwanza tujue pesa ni za nani."

Akaeleza, bila haraka, Tangazo la Sheria za Mila la 1963, ambalo mpaka leo hutajwa kesi za mirathi zinapofika mahakamani: mjane hana fungu katika mali ya mumewe endapo marehemu ameacha watu wa ukoo wake, yeye ni wa kutunzwa na watoto wake. Kwa mila hiyo, alisema, Lena angekuwa mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe, na bahasha ingefunguliwa na Walter. "Lakini hii ni bima," akaendelea, "na bima ina jina la mtu. Marehemu aliandika jina la mkewe. Mwanamume yule alijua anachokifanya."

Wahakiki wamemwandika sana Lena, wamemwandika zaidi Walter. Mzee Younger, ambaye haonekani jukwaani hata mara moja, huwa ni picha tu ukutani, baba mchapakazi aliyekufa. Karani mstaafu wa Musoma alimwona ni mtu aliyekaa chini siku moja akaamua, akamwamini mkewe kuliko mila. Tangu siku hiyo siwezi tena kuisoma tamthilia ile bila kumwona mzee huyo akijaza fomu.

Wanawake hawakumwachia karani uwanja. Mmoja, mfanyabiashara wa dagaa, alisema sheria za ardhi za 1999 zimempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. "Sheria inasema," alisema, "na kikao cha ukoo nacho kinasema. Mimi nalala wapi wakati wao wanasemezana?" Hakujibiwa, na hakuonekana kutegemea jibu. Mwingine akaleta habari ya rambirambi: mume akifa, michango inahesabiwa mbele ya wajomba na mashemeji, mjane yuko chumbani na kanga kichwani, kiasi kamili atakijua baadaye kwa kusikia. Wanawake wa safu za nyuma waliitikia kwa pamoja, mguno mmoja mrefu.

Kisha akasimama msichana wa sekondari, bado yuko na sare ya shule, akiwa amekunja karatasi mkononi. Alikuwa amepiga hesabu wakati wa mchezo.

"Watu wote mnamlilia Walter," alisema. "Mimi nauliza, za Beneatha ziko wapi?"

Akasoma karatasi yake. Hundi ilikuwa dola 10,000. Mama alilipa 3,500 za kuanzia kwenye nyumba mpya. Zikabaki 6,500. Akamkabidhi Walter, akamwambia 3,000 aziweke benki kwa ajili ya masomo ya udaktari ya mdogo wake, zilizobaki azisimamie yeye. Walter akampa rafiki yake Willy Harris zote, wafungue duka la pombe, na Willy akatoroka nazo. "Kwa hiyo kilichoibiwa ni ada," alisema msichana. "Walter alipoteza mtaji, lakini ile ada haikuwa yake. Mbona mwisho tunampigia makofi, na hakuna aliyemrudishia Beneatha chochote?"

Mwalimu wa fasihi aliinamisha kichwa, akaandika kitu kwenye kaunta buku. Msichana alikuwa bado amesimama. "Kwetu," akaongeza, na sauti ikamtetemeka kidogo, "dada akiolewa, ng'ombe wake ndio wanaomwolea kaka. Nani anamuuliza dada alitaka nini?"

Msomaji asiyetoka huku anapaswa kujua uzito wa swali hilo. Katika jamii kadhaa za Mara, kwa Wakurya hasa, ng'ombe wa mahari ya binti ndio njia ya kaka kupata mke. Ni mfumo wenye mantiki yake, umeunganisha koo kwa vizazi vingi, na yupo kaka anayemheshimu dada yake maisha yote kwa sababu hiyo. Lakini binti anayeondolewa shule ili zizi lijae ni binti anayeijua hesabu ya Beneatha kwa mwili wake. Ukumbi ulilipuka. Kijana mmoja alisema kaka ndiye kimbilio la dada akifukuzwa na mume. Mama mmoja akamjibu kwamba dada mwenye shahada hahitaji kimbilio. Mzee wa koti la kijivu akaomba tena nafasi, akasema kwa ufupi kwamba swali la binti ni la kisheria na jibu lake ni Walter alipe.

Hansberry aliwahi kusema kwamba Beneatha ni yeye mwenyewe alivyokuwa miaka michache kabla ya kuandika. Kwa miaka zaidi ya 60 dunia imeutazama mchezo huu kama safari ya Walter kuelekea utu uzima wake, na ni kweli ndivyo ulivyojengwa. Ila Musoma ilibidi niukubali usomaji mwingine, na sioni namna ya kuukwepa: mwanamume anapata heshima yake jukwaani huku deni lake kwa dada yake likiwa halijaguswa.

Asubuhi tuliondoka stendi ya Bweri, kochi tumelirudisha kwa wenyewe, mshubiri nimeupakata mimi. Nyuma yetu lilibaki ziwa, na Mwisenge, shule ambayo Mwalimu Nyerere aliingia 1934 akiwa na miaka 12. Barabara ya Bunda inapita kati ya mihogo na mawe makubwa yaliyopandana. Ndani ya gari vijana walikuwa wanagombana kuhusu yule msichana. Aliyeigiza Walter alitaka aongezewe mstari mmoja wa kumwomba Beneatha msamaha. Aliyeigiza Beneatha alikataa katakata. Alisema msamaha ukiwekwa jukwaani watu wataridhika na hawatauliza.

Mwalimu wao aliwasimulia Malya. Miaka ya 1982 na 1983, wasanii wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda kijiji cha Malya, wilaya ya Kwimba, mkoa jirani wa Mwanza. Hawakwenda na tamthilia iliyokamilika. Walikaa na watu, wakauliza matatizo yao, wakaingia katika ngoma zao, na michezo ikatengenezwa na wanakijiji wenyewe, kisha ikajadiliwa hadharani na kila aliyekuwepo. Kazi ya aina hiyo ilipewa jina la sanaa za maonyesho kwa maendeleo, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoifanya kwa bidii na kuiandika vizuri. Kwa hiyo mtu akiniambia mjadala baada ya mchezo ni desturi ya kigeni, namwelekeza Malya. Tofauti yetu ni kwamba sisi tulibeba mchezo wa mtu mwingine, wa nchi nyingine, na tulitaka kuona kama watu wa Mara wataufanyia vilevile.

Bunda tulicheza nje, alasiri, kwenye uwanja wa wazi karibu na barabara. Madereva wa bodaboda walikuwa safu ya nyuma, wamekaa juu ya pikipiki zao. Walikuwepo Wajita, Waikizu, Wasukuma, na abiria wa Ukerewe waliokuwa wakisubiri gari la kwenda kivukoni Kisorya. Upepo ulikuwa unabeba maneno, spika inakoroma, na sehemu za mwanzo zilipita bila kusikika vizuri.

Kisha akaingia Karl Lindner.

Katika tamthilia, Lindner ni Mzungu mpole anayekuja kwa niaba ya chama cha wakazi wa Clybourne Park, mtaa wa Wazungu ambako Lena amenunua nyumba. Hapigi kelele. Anaeleza kwamba watu wa mtaa ule wamejadiliana, wameona ni afadhali kila watu wakae na wenzao, na wako tayari kuinunua ile nyumba kwa bei ya juu kuliko aliyolipa Lena, mradi familia isihamie. Kijana wetu alimvalisha tai na kumpa faili la kijani. Hakuwa amefikia hata sentensi ya tatu. Alipolifungua lile faili, mtu kutoka kwenye pikipiki akapaza sauti: "Mtathmini huyo!"

Wachache walicheka. Wengi waliacha kula karanga.

Magharibi ya mji, kati ya Hifadhi ya Serengeti na Ghuba ya Speke, kuna kata ya Nyatwali. Mpango wa kuwahamisha wakazi wake ili hifadhi ifike ziwani, wanyama wapate maji na njia, ulizungumzwa kwa miaka mingi kabla ya kuanza kutekelezwa. Watu wa Bunda wanayajua kwa moyo maneno yanayokwenda na jambo hilo: tathmini, daftari, picha mbele ya nyumba, fidia, muda wa kuondoka. Hata asiye wa Nyatwali ana shemeji, ana mteja, ana kaburi la babu huko.

Baada ya mchezo nilisema wazi kwamba mambo haya mawili hayafanani. Lindner anatetea ubaguzi wa rangi, na nyuma yake hakuna tembo wala chanzo cha maji, kuna chuki tu iliyovaa tai. Mwanamume mmoja, mvuvi kwa maelezo yake, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tunajua si sawa, mwalimu," alisema. "Yule analipwa asije. Huku mtu analipwa aondoke. Hatusemi ni sawa. Tunasema mtu anayekuja na faili, anakuita ndugu yangu, tunamjua anavyokaa kwenye kiti."

Walter, baada ya kuibiwa, anampigia Lindner simu aje na pesa. Yuko tayari kuzipokea. Lindner anafika, Travis mdogo amesimama pale anatazama, na Walter anakataa. Anasema familia yake itahamia katika nyumba ambayo baba yake aliilipia. Ndiyo sehemu ambayo watazamaji duniani kote husimama. Bunda niliwaomba wasimame kwa namna nyingine: atakayekataa pesa aende upande wa mwarobaini, atakayezipokea aje upande wa kibanda cha chipsi.

Vijana wengi walikimbilia mwarobaini. Wanawake wenye watoto walikwenda kwenye kibanda, wala si kwa aibu. Mmoja wao alinieleza kwa nini: Ruth ni mjamzito, pesa zimeibiwa, Walter hana akiba, na huko waendako watachukiwa na jirani wa kulia na wa kushoto. "Heshima ya Walter nitaipika na nini?" aliuliza. Kijana wa upande wa pili akamwambia kwamba mtoto wake Travis hatasahau baba alichofanya siku ile. "Na njaa hataisahau," mama akamjibu. Walibishana hivyo, kila mmoja akiwa na hoja, na mimi ninayempenda Walter katika sehemu ile kuliko mahali pengine popote nilijikuta nasikia uamuzi wake una bei ambayo Ruth ndiye atakayeilipa kila siku. Hansberry aliijua bei hiyo. Hakumficha mtu yeyote kwamba familia ile inahama ikiwa haina kitu.

Mzee mmoja mwenye baiskeli alibaki katikati ya uwanja, si huku wala kule. Nilimwendea nikamwamkia, nikamuuliza kwa heshima yeye yuko upande gani. Alishika usukani kwa mikono miwili.

"Mimi sihami," alisema. "Nimeshahamishwa vya kutosha."

Kutoka Bunda tulirudi kaskazini, tukapita Kiabakari, tukakata kuelekea Butiama. Nchi inainuka, hewa inapoa. Tulifika mapema, tukaenda Mwitongo, kwenye mji wa Chifu Nyerere Burito, ambako mwanawe, Mwalimu Nyerere, alizikwa Oktoba 1999. Vijana walitembea kimya mbele ya kaburi, kisha wakaingia makumbusho na kurudi kuwa vijana, wakiulizana maswali kwa sauti ya juu.

Mimi nilikuwa namfikiria mfasiri. Mwalimu alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar 1963, akairudia na kuirekebisha kama Juliasi Kaizari 1969, na mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Alikuwa Rais wa nchi changa, ana mambo ya mapinduzi, njaa na vita vya ukombozi mezani, na akapata saa za kukaa na tamthilia za Shakespeare akizigeuza mstari kwa mstari. Alitaka kuonyesha kwamba lugha yetu haishindwi. Alionyesha. Kiswahili kilichoimudu Roma na Venisi kinaimudu Chicago, na naona ni wakati kazi hiyo ifanyiwe tamthilia za Wamarekani Weusi kwa uzito uleule, kwa vitabu vilivyochapwa na kuuzwa madukani, shule za Mara zivipate, badala ya kaunta buku moja inayopitishwa mikononi mwa vijana.

Ukaribu wetu na watu wale una kumbukumbu zake. Malcolm X alifika Dar es Salaam Oktoba 1964 akakutana na Mwalimu. Bob Moses, aliyepigania haki ya kupiga kura Mississippi, alifundisha hisabati Same kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mpaka 1976. Pete na Charlotte O'Neal waliingia nchini 1972 na kujenga makao Imbaseni, Arusha. Juni 1974 Dar es Salaam ilipokea Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika. Na Hansberry, kabla ya tamthilia yake kumpa jina, aliandikia gazeti la Paul Robeson lililoitwa Freedom, akasoma chini ya W.E.B. Du Bois, na habari za Afrika zikawa sehemu ya kazi yake. Alifariki Januari 1965 kwa saratani, akiwa na miaka 34. Tamthilia yake nyingine, Les Blancs, inayotokea katika nchi ya Afrika aliyoibuni, ilionyeshwa 1970 akiwa hayupo tena.

Butiama tulicheza ndani ya darasa, madawati yamesukumwa pembeni, watu wengine wakichungulia madirishani. Katika sehemu ambayo Walter amerudi amelewa, Beneatha amevaa vazi aliloletewa na Asagai, mwanafunzi kutoka Nigeria, na muziki wa Afrika unapigwa, Walter anapanda juu ya meza na kujiona ni kiongozi wa mashujaa. Anamtaja Kenyatta. Wazee wawili waliokaa mbele wakatazamana. Mchezo ulipofunguliwa Machi 1959, Kenyatta alikuwa bado kifungoni kaskazini ya Kenya, na dereva wa Chicago alikuwa analitamka jina lake mbele ya watazamaji wa Broadway. Niliwaeleza hivyo baadaye. "Kumbe walikuwa wanatusikia," mzee mmoja alisema, na akataka kujua kama walimsikia na Mwalimu pia, miaka ile anadai uhuru. Nikamwambia habari za Malcolm X. Alifurahi sana.

Mjadala wa Butiama niliugawa. Bunda nilikuwa nimeona wanawake wakizungumza vizuri zaidi wakiwa upande wao, kwa hiyo hapa walikaa peke yao darasa la pili pamoja na waigizaji wa kike, na kilichosemwa huko kuhusu Ruth na mimba anayofikiria kuitoa walikubaliana kibaki huko. Wanaume walibaki nami. Wanawake waliporudi tukakaa wote pamoja, likatokea swali moja ambalo pande zote mbili zilikuwa zimelifikia, kila upande kwa njia yake: familia ilipohamia, ilikuwaje?

Mchezo haujibu. Lena anachukua mmea wake, anatoka, mlango unafungwa. Lakini maisha ya mwandishi yanajibu, na niliwaeleza. Mwaka 1937 baba yake, Carl Hansberry, alinunua nyumba katika mtaa wa Wazungu wa Chicago, ambako wenye nyumba walikuwa wamewekeana mkataba wa kutowauzia Weusi. Lorraine alikuwa mtoto wa miaka saba au minane. Watu walikusanyika nje wakipiga kelele. Kipande kizito cha tofali kilirushwa dirishani, kikamkosa yeye kidogo. Baba alikuwa safarini kwa ajili ya kesi mara kwa mara. Mama, Nannie Hansberry, alikuwa akizunguka ndani ya nyumba usiku na bastola iliyojaa risasi, akiwalinda watoto wanne. Novemba 1940 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa baba ushindi, lakini kwa hoja ya utaratibu wa kesi, mikataba yenyewe ikaachwa. Iliendelea kutumika mpaka mahakama hiyo ilipokataa kuitekeleza 1948. Carl hakuiona siku hiyo. Alifariki 1946 huko Mexico, alikokuwa akijiandaa kuhamishia familia yake, amechoka na nchi aliyoishinda mahakamani.

"Basi alishindwa," alisema kijana mmoja.

"Ameshindwa wapi, na mtoto wake ameandika?" mzee akamjibu.

"Baba alikufa ugenini, mzee wangu."

"Baba alikufa ugenini, mtoto amefika Butiama. Wewe mura, hebu hesabu vizuri."

Wakaendelea hivyo, mwalimu wa fasihi akiandika kwa kasi, mpaka mama mmoja aliyekuwa darasa la pili akawakatiza wote. Alisema wanaume wanabishana juu ya baba aliyekuwa safarini, na nyumba ililindwa na mwanamke. Alitaka sehemu hiyo ichezwe, usiku ule, tofali limeshaingia, watoto wanalia, mama anazunguka na bastola. Vijana wakatazamana. Hapohapo aliyemwigiza Beneatha akasema nafasi ni yake, aliyemwigiza Ruth akasema yeye ndiye hajapata kusimama peke yake jukwaani, na binti wa Butiama aliyekuwa anachungulia dirishani tangu mwanzo akaingia ndani, akauliza kama wanachukua wageni.

Mwalimu wa fasihi alifungua ukurasa mpya wa kaunta buku na kumpa kalamu.